Waya wa Mbali, Jua la Karibu: Safari ya Lamu



Msafiri atokaye Mombasa kwenda Lamu kwa njia ya nchi kavu hupewa wenzi wawili asiowaomba. Wa kwanza ni barabara yenyewe, ipitayo Kilifi, Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe. Wa pili ni safu ya minara ya chuma ichukuayo nyaya za umeme kutoka Rabai hadi Malindi, kutoka Malindi hadi Garsen, na kutoka Garsen hadi Lamu. Njia hiyo ya umeme ina urefu wa zaidi ya kilomita 300. Mara msafiri huipoteza nyuma ya vichaka, mara huiona tena imekata mbuga kwa mstari ulionyooka. Wachache huitazama. Hata hivyo, kila friji ya Langoni, kila feni ya msikiti na kila pampu ya maji ya Mkomani imening'inia kwenye njia hiyo.

Safari hii niliitazama kwa makusudi. Kwa muda sasa, baada ya darsa, wazazi wamekuwa wakiniuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: "Sheikh, tuweke sola darini, au tungoje stima itulie?" Si swali la fikihi peke yake, wala si la fundi peke yake. Ni swali la nyumba, na la nyumba ya jirani pia. Nilitaka kulitafuta jibu lake Lamu, kwa kuwa huko umeme hufika mwisho wa njia yake, na mwisho wa njia ndipo udhaifu wa njia nzima unapoonekana.

Garsen barabara huvuka mto Tana. Mtu akisimama darajani akayatazama maji yale mekundu, ni vyema akumbuke yametoka wapi. Yameshuka kutoka mlima Kenya na milima ya Nyandarua, yakapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na katika kila bwawa yamezungusha mitambo ya kuzalisha umeme kabla ya kuachiliwa yaendelee na safari yake hadi bahari ya Kipini. Kwa hiyo mto huu hutufikia watu wa pwani mara mbili: mara moja kama maji, na mara moja kama mwanga. Na wakati mwingine maji hugeuka kuwa mtihani. Mwishoni mwa mwaka 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Garsen hadi Lamu, na wasafiri wakakwama pande zote mbili.

Katika mto huohuo kuna kisa ambacho kila anayeuliza habari za stima afaa akijue. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma. Transfoma ile ilijizima, mitambo mingine ya kituo ikalemewa, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alinusurika.

Watu walicheka, lakini ndani ya kichekesho hicho mna elimu. Umeme wa taifa haukai ghalani kama mahindi. Unaozalishwa sasa ndio unaotumiwa sasa, na pande mbili hizo lazima zilingane kila nukta. Mfano wake ni watu wanaovuta jahazi kulipandisha pwani. Wote wakivuta kwa pamoja, jahazi hupanda. Mmoja akiachia kamba ghafla, uzito wake huwaangukia waliobaki. Wa pili naye akihofia kuumia huachia, kisha wa tatu, hata jahazi likarudi majini. Mitambo ya umeme nayo imewekewa kinga ya kujitoa inapolemewa, ili isiharibike. Kinga hiyo huokoa mtambo, lakini huweza kuiangusha nchi. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, karibu Kenya yote iliingia gizani kwa namna hiyo ya kuangushana, na sehemu nyingi hazikupata stima hadi siku ya pili yake.

Sisemi haya kwa ajili ya kulaumu. Gridi ya taifa ni neema, na asiyeijua thamani yake awaulize wazee wa Lamu. Kwa miaka mingi kisiwa kilitegemea jenereta za dizeli, na dizeli yenyewe ilikuja kwa chombo. Waya wa Rabai ulipofika katikati ya miaka ya 2010, kisiwa kilipata kuunganishwa na mvuke wa ardhini wa Olkaria, na maji ya Tana, na baadaye na upepo wa Marsabit. Ni umeme ambao sehemu yake kubwa haichomi mafuta. Watu wa Lamu hata walisimama mahakamani kulihusu jambo hili la nishati: ulipopendekezwa mtambo mkubwa wa makaa ya mawe huko Kwasasi, baraza la kitaifa la mazingira liliifuta leseni yake mwezi Juni 2019, baada ya wenyeji kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo mji huu si mgeni wa suala la mwanga hutoka wapi na kwa gharama ya nani.

Mokowe barabara humalizika na msafiri hupanda boti. Baada ya muda mfupi mji hujitokeza: safu ya nyumba nyeupe zikitazama maji, punda wakipita gatini, na nyuma yao ngome iliyokamilishwa mwaka 1821 ikiusimamia uwanja wa Mkunguni. Mji huu wa kale uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba punda aliyebeba matumbawe akipita, mwenye kanzu hujibanza ukutani. Siku niliyoingia, punda mmoja alikuwa amefungwa paneli mbili za sola, moja kila ubavu, zimeviringishwa mikeka ya zamani, na kijana akitembea mbele akiita watu wampishe.

Nyumba za Lamu zilijengwa na watu walioijua hali yao ya hewa. Kuta ni nene, za matumbawe na chokaa. Dari hubebwa na boriti za mikoko. Juu kuna sakafu iliyo wazi, au kipaa cha makuti kipitishacho upepo. Na baina ya nyumba na nyumba, juu ya kichochoro, kuna kile wenyeji wanachokiita wikio: chumba kilichojengwa kama daraja, ili jamaa wa nyumba mbili wapate kuendeana bila ya kushuka njiani. Wikio lilinishughulisha mawazo safari nzima. Waliolijenga walijua kwamba nyumba haikamiliki kwa kuta zake peke yake.

Usiku wa pili wa ziara yangu, baada ya sala ya Maghrib, stima iliondoka. Mwenyeji wangu aliniita darini tupate upepo. Kutoka pale juu mji ulionekana kama ubao wa bao wenye kete chache: huku dirisha moja lina mwanga mweupe, kule mengine saba ni giza, kisha taa ya msikiti, kisha giza tena. Jenereta mbili zilinguruma upande wa pwani. Chini yetu, katika kichochoro, tulisikia mlango ukigongwa.

"Hodi, da Mkubwa."

"Karibu mwanangu. Ni ile dawa?"

"Ndiyo, ya babu. Friji yetu imezima."

"Ilete, uiweke pale karibu na maziwa. Mpe babu salamu, mwambie asubuhi nitakuja kumwangalia."

Ilikuwa insulini. Nyumba moja ina paneli tatu na betri; nyumba ya pili ina mzee mgonjwa wa sukari na haina chochote. Baina yao kuna hatua sita za kichochoro. Mwenyeji wangu akaniambia jambo hilo hutokea kila stima inapokawia, na hakuna aliyelipangia utaratibu. Limekuja lenyewe kama lilivyokuja wikio. Nami nikafahamu kwamba swali la wazazi wetu lina nusu ambayo hawajaiuliza.

Kwanza tuijibu nusu waliyoiuliza, kwa hesabu. Paneli ya wati 400, katika siku njema ya pwani yetu yenye kadiri ya saa tano za jua kamili, ingetoa uniti mbili. Ukiondoa hasara za joto, vumbi, waya na betri, ihesabu kuwa uniti moja na nusu. Taa nne za wati 9 zikiwaka saa tano, na feni mbili za wati 50 zikizunguka saa nane, pamoja na simu za nyumba, hutumia takriban uniti moja. Friji ya kiasi nayo hutumia kama uniti moja kwa siku. Kwa hivyo nyumba yenye taa, feni na friji hutosheka na paneli mbili au tatu. Lakini pasi ya nguo, birika la umeme na jiko la umeme ni walaji wa namna nyingine. Birika peke yake huweza kuvuta wati 2,000. Anayetaka kuvibeba vyote hivyo kwa sola atalipa mara kadhaa ya bei ya nyumba yenye kiasi. Israfu haijawahi kuwa rahisi kupimika kama ilivyo katika betri.

Na betri ndiyo roho ya jambo lote. Betri ya asidi ya volti 12 na ampia-saa 200 hubeba uniti 2.4, lakini ukiizoesha kutoa zaidi ya nusu itakufa mapema. Kwa hiyo uliyonayo kwa kweli ni uniti 1.2, yaani usiku mmoja wa taa na feni. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo hutoa karibu yote na huishi miaka mingi zaidi, ingawa bei yake ya mwanzo huumiza. Ya asidi isiwekwe chumba cha kulala, kwani inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Katika mji wa makuti na boriti, ambamo gari la zima moto haliwezi kupita kichochoroni, uzembe wa mtu mmoja ni hatari ya mtaa mzima.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wengi hulijua wamechelewa. Ziko sola zinazofungwa bila ya betri, zikisaidiana na stima ya gridi mchana ili kupunguza bili. Hizo, stima ikiondoka, nazo huzimika hata jua likiwa utosini. Zimeundwa hivyo kwa makusudi: zikiendelea kusukuma umeme kwenye waya, fundi aliyepanda nguzo akidhani waya umekufa anaweza kuuawa. Kwa hiyo mwulize muuzaji kabla ya kulipa: "Stima ya taifa ikiondoka, nyumba yangu itabaki na nini?" Asiyeweza kulijibu kwa maneno mepesi, usimpe pesa zako.

Pwani ina masharti yake pia. Lamu iko takriban digrii mbili kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka. Paneli hulazwa karibu na ubapa, ikainuliwa kidogo tu, kama digrii 10, ili mvua iioshe. Na uso wake huelekezwa kaskazini, yaani upande wa kibla kwa watu wa Lamu. Mwelekeo huo hufaa zaidi miezi ya kusi, ambapo jua liko kaskazini na mawingu ni mengi. Paneli huachiwa nafasi chini yake upepo upite, kwa sababu joto huidhoofisha: sakafuni mchana paneli huweza kufika digrii 60, na hapo hupoteza zaidi ya sehemu moja katika kumi ya nguvu yake. Chumvi ya bahari hula skrubu za chuma cha kawaida, basi dai zisizoshika kutu. Kinyesi cha kunguru na kivuli cha tangi la maji hupunguza umeme kuliko unavyodhani, maana kipande kidogo kikifunikwa huweza kuwakwaza wenzake. Na mwezi wa Mei, mvua za masika zinaposhuka sana, hata sola njema hudhoofika. Hapo ndipo mtu huishukuru tena gridi. Anayeikata kwa hasira mwezi wa Januari huitamani mwezi wa Mei.

Jibu la nusu ya kwanza, basi, ni hili: weka sola kwa kadiri ya haja, uibakishe stima, kila moja iwe akiba ya mwenziwe.

Sasa tuje kwenye nusu ambayo haikuulizwa. Dari ya Lamu si mahali pa mtu mmoja. Ni mahali ambapo mama huanika nguo na kukaa akapata upepo bila ya buibui, kwa kuwa desturi imeihifadhi. Fundi wa sola anapopanda, huziona nyua za nyumba nne. Nilimsikia fundi mmoja kabla ya kukanyaga ngazi ya mwisho akipaza sauti: "Hodi wenyewe! Fundi yuko juu, jisitirini!" Akangoja, kisha akapanda akiwa ameinamisha macho. Kijana yule amelelewa. Mwenye nyumba anayemwita fundi ana wajibu wa kuwapasha habari majirani mapema, siku na saa, kabla ya sauti ile kuhitajika.

Kisha kuna suala la kivuli. Mtu akiongeza ghorofa, paneli ya jirani yake huenda ikafa. Je, ana haki ya kujenga? Mafakihi wameijadili tangu zamani mipaka ya mtu kuutumia mlki wake inapomdhuru jirani, na madhehebu yametofautiana. Lakini baina ya watu wema, suala hili humalizwa kabla halijafika kwa kadhi. Mwenye kujenga amwambie jirani. Mwenye paneli akubali kuihamisha akipewa nafasi. Na ikiwezekana paneli ikae dari ya aliyejenga juu. Katika mji wa kale, ni vizuri pia kuwauliza wasimamizi wa urithi, na kuziweka paneli mahali zisipoharibu sura ya mji unaotazamwa kutoka baharini.

Na juu ya yote hayo kuna lile la insulini. Sola inaenea kwa wenye uwezo kwanza. Zamani giza liliposhuka lilitushukia sote, tukakaa barazani pamoja. Sasa huja giza la kuchagua nyumba. Mwenye mwanga hufunga dirisha, feni yake ikazunguka, naye hajui kwamba stima imeondoka. Huko kutojua ndiko ninakokuogopa. Mtu aliyeacha kuisikia shida ya stima huacha pia kupiga kelele ili itengenezwe, na shida hubaki kwa wasio na sauti.

Sisemi watu wavutiane nyaya vichochoroni. Huo ni mlango wa moto na mauti, na sheria haiuruhusu. Nasema kuna njia ya tatu, nayo wazee wetu waliijua kwa jina la wakfu. Visima vyetu na misikiti yetu mingi vilisimama kwa wakfu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kitu kinachohamishika hufaa kuwekwa wakfu, maadamu kinanufaisha huku chenyewe kikibaki. Paneli inaingia hapo bila ya shida. Msikiti wa mtaa ukiwa na paneli nane, betri njema na friji moja iliyofungwa kwa kufuli kwa ajili ya dawa, mtaa mzima umepata wikio la mwanga. Simu zitachajiwa hapo, watoto watadurusu hapo, na dawa ya babu haitategemea kwamba da Mkubwa yuko nyumbani.

Ila wakfu wa sola una sharti ambalo kisima hakikuwa nalo sana: betri huisha. Tumeona paneli za hisani zilizofungwa kwa sherehe, baada ya miaka minne zimebaki pambo. Kwa hiyo anayetoa paneli atoe pamoja nayo kitu cha kuihudumia, au kamati iweke kando kila mwezi sehemu ya bili iliyookolewa, iandikwe daftarini na isomwe mbele ya watu. Amtaje mtu mmoja mwenye dhamana ya kuziosha kwa maji baridi yasiyo chumvi. Sadaka inayoendelea huendelea kwa sababu kuna anayeiendeleza.

Kwa mzazi aliyeuliza kama aweke sola au angoje, ninamwambia asingoje, na asiharakishe. Ahesabu mahitaji yake kwanza, anunue kwa kadiri yake, asikate stima, na awaarifu majirani kabla fundi hajapanda. Kisha siku ya kwanza taa zake zikibaki zinawaka na za mtaa zimezima, afungue mlango, atazame kulia na kushoto, aulize nani ana mgonjwa, nani ana mtoto wa mtihani, nani ana samaki wa kesho. Jua halimtozi mtu tokeni. Aliyejaaliwa kulikinga darini kwake amepewa amana, na amana ina wenyewe.